Kupoza Supu

Chakula cha mchana kikishatoka kwenye jiko la nyumba ya kulelea wazee, ndipo mpishi anapoingia kwenye saa yake ngumu. Moto umezimwa, sahani zimeenda ukumbini, na mbele yake imebaki sufuria ya supu ya kuku, lita ishirini na kitu, itakayoliwa kesho. Anatakiwa aipoze. Ana saa mbili za kuishusha kutoka nyuzi 57 za Selsiasi hadi 21, kisha saa nne nyingine za kuifikisha nyuzi 5. Ikimchelewea katika zile saa mbili za mwanzo, amebakiwa na njia mbili tu: kuichemsha upya hadi nyuzi 74 na kuanza kuhesabu tena, au kuimwaga.

Mpishi ninayemsema ni mama wa Kisii, na jiko lake liko katika kitongoji kimoja cha Minneapolis, jimbo la Minnesota, ambako Wakenya ni wengi katika kazi za kutunza wazee. Ukimtazama akipoza supu utadhani hana haraka. Kwanza anaitenganisha. Nyama na mboga anazichota kwa upawa wenye matundu, anazitandaza kwenye trei pana za chuma cha pua, kina chake hakizidi vidole vitatu, na trei zinaingia kwenye jokofu bila kupandanishwa. Mchuzi unabaki kwenye sufuria, na sufuria inakalishwa ndani ya sinki lenye barafu na maji mpaka yafike usawa wa mchuzi wenyewe. Halafu analeta kasia la barafu: chombo cha plastiki chenye mpini mrefu, ambacho jana usiku alikijaza maji akakigandisha kwenye friza. Analitumbukiza na kulizungusha taratibu, kutoka chini kuja juu, kutoka katikati kwenda pembeni. Barafu likiyeyuka ndani ya kasia, analitoa na kutia la pili. Kila baada ya muda anafuta kipimajoto, anakichoma katikati ya sufuria, anasubiri namba itulie, anaandika kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni.

Joto la chakula hutokea pembeni na juu. Katikati ya sufuria ndefu halina pa kutokea. Ukiisukuma sufuria nzima ndani ya jokofu, tumbo lake litakesha na uvuguvugu, na jokofu lenyewe litapata joto mpaka maziwa yaliyo jirani yake yaharibike. Na uvuguvugu huo ndio hatari yenyewe. Kuna bakteria aitwaye Clostridium perfringens, anayependa nyama na michuzi. Anaweza kujifungia ndani ya gamba gumu. Kuchemsha kunaua karibu wenzake wote, yeye anabaki amelala. Mchuzi ukipoa polepole anaamka, anakuta sufuria nzima ni yake peke yake, na akiwa kwenye nyuzi 40 na kitu anaweza kuongezeka maradufu kila baada ya dakika kumi hivi. Ndiyo maana kipande cha kwanza cha kupoza kimepewa saa mbili tu na cha pili kikapewa nne. Wali nao una mdudu wake, Bacillus cereus, na huyu ana ubaya wa ziada: sumu yake ya kutapisha haiondoki hata ukiupasha wali moto mpaka ufuke moshi. Kila aliyewahi kula pilau la shughuli lililolala kwenye sufuria kubwa yenye mfuniko ana sababu ya kulijua hilo.

Nasema wazi ninavyoona: katika jiko la wazee, kupoza ni ufundi mkubwa kuliko kupika. Kupika kuna harufu, rangi na sauti za kumwongoza mtu. Nyama ikiungua inajieleza. Kupoza hakuna ishara hata moja inayofika puani au machoni. Supu iliyopoa vizuri na supu iliyopoa vibaya zinafanana kwa sura, kwa harufu na kwa ladha. Mpishi anafanya kazi dhidi ya kitu asichokiona, akiongozwa na saa, kipimajoto na tabia ya kutojidanganya, na tabia hiyo inapatikana kwa miaka.

Anayekula ndiye anayezifanya hesabu hizi ziwe kali hivi. Kijana akila mchuzi mbovu ataharisha usiku mmoja, kesho ataenda kazini akilalamika. Mtu wa miaka 88 ni habari nyingine. Asidi ya tumbo, ambayo ndiyo mlinzi wa kwanza, hupungua kwa wazee wengi, na dawa za kiungulia huipunguza zaidi. Kinga imechoka. Maji ya mwilini ni machache, hivyo kuharisha kunamkausha upesi na figo zinaanza kushindwa. Tena wazee hawa wote wanachotewa sufuria moja. Kosa la jikoni kwenye nyumba ya familia linaumiza watu watano. Hapa linapanda kila ghorofa kwa toroli.

Uingereza ililijua hilo kwa uchungu mwaka 1984, katika hospitali ya Stanley Royd mjini Wakefield, hospitali ya magonjwa ya akili ambayo wagonjwa wake wengi walikuwa wazee. Mwishoni mwa Agosti, katika siku za joto, nyama ya ng'ombe iliyokwisha kupikwa ilikaa saa nyingi nje ya jokofu, kisha ikakatwa na kutolewa ikiwa baridi kwa chakula cha jioni. Salmonela iliwakamata wagonjwa na wafanyakazi zaidi ya 400, na wagonjwa 19 walifariki. Wakati huo majiko ya hospitali za serikali yalikuwa na kinga ya Taji, yaani hayangeweza kushtakiwa kwa sheria za usafi wa chakula zilizowabana wenye mikahawa. Uchunguzi uliofuata uliisukuma serikali, na sheria ya mwaka 1986 ikaiondoa kinga hiyo. Mwaka mmoja baada ya Stanley Royd, mjini London, Ontario, nchini Kanada, nyumba moja ya wazee ilipatwa na E. koli ya aina ya O157:H7, inayodhaniwa iliingia kwa sandwichi. Kati ya wakazi 169 waliugua 55, na 19 kati yao walifariki. Wimbi la kwanza lilitoka kwenye chakula. La pili lilienea kutoka mtu hadi mtu, kupitia mikono.

Mikono, basi. Katika jiko la yule mama chumba cha kuoshea vyombo kina pande mbili, na ukitaka kujua kama jiko ni safi, simama hapo robo saa. Upande wa kushoto vinaingia vyombo vichafu, upande wa kulia vinatoka visafi, katikati iko mashine. Mtu wa kushoto hagusi kulia. Kama zamu ina mtu mmoja tu, anamaliza kupakia, ananawa kwa sabuni sekunde ishirini, ndipo anavuka. Ni sheria rahisi kuitamka na ngumu mno kuishika saa saba na nusu mchana, trei sabini zimerudi kwa pamoja na vikombe vya chai ya jioni vinasubiriwa. Kijana wa kuosha vyombo, ambaye ndiyo kwanza ana umri wa mwanafunzi wa chuo, alinyoosha mkono akaokota sahani iliyokuwa ikidondoka upande wa kulia. Mama hakupaza sauti.

"Mwanangu, hiyo mikono imetoka wapi?"

"Kushoto, mama."

"Basi irudishe sahani kushoto, nawe ukanawe."

Akaenda. Sahani ikaoshwa upya. Nimeona viwanda vyenye mabango makubwa ya usafi ambako jambo kama hilo lingepita.

Mashine nayo haiaminiwi kwa maneno yake. Kwa aina inayoua vijidudu kwa joto, maji ya suuzo la mwisho yanapaswa kufika nyuzi 82, na uso wa sahani yenyewe ufike 71. Saa ya mashine inaweza kuonyesha 82 huku bomba limeziba chokaa na maji hayafiki pembeni. Kwa hiyo kila zamu kijana anabandika kijikaratasi kwenye sahani, anaipitisha, na kijikaratasi kikigeuka cheusi ndipo anaandika. Kwenye sinki la vyumba vitatu, la kuosha, kusuuza na kutakasa, anachovya karatasi nyingine ya kupimia nguvu ya dawa. Dawa ikiwa hafifu haiui. Ikiwa kali inabaki kwenye chombo na kuingia kinywani mwa mtu. Kisha vyombo vinaachwa vikauke kwa hewa. Taulo hairuhusiwi, kwa kuwa taulo moja inayopitia vikombe mia inarudisha ulichokwisha kuondoa. Vikombe vilivyopandanishwa vikiwa na maji ndani yake ni kosa ambalo mkaguzi hulipata kwa kuinua kimoja tu.

Yapo maeneo ambayo jiko la kawaida huyasahau na jiko zuri hujulikana kwayo. Kisu cha kifungulia makopo, ambacho hukusanya utando wa nyanya na samaki mahali pasipoonekana. Mpira wa mlango wa jokofu. Ndani ya mashine ya barafu, juu, nyuma ya bamba, ambako utando wa waridi huota kwa sababu hakuna anayeinamisha kichwa kutazama. Barafu ni chakula, mama anasema, na mashine yake inazimwa, inamwagwa na kusafishwa kwa ratiba.

Kubwa kuliko yote ni mashine ya kukatia nyama baridi. Mwaka 2008 Kanada ilipata mlipuko wa listeria uliotokana na nyama zilizokatwa kiwandani Toronto, kiwanda cha kampuni ya Maple Leaf. Waliugua watu 57 waliothibitishwa na zaidi ya 20 wakafariki. Wengi wao walikuwa wazee walioletewa nyama hizo hospitalini na katika nyumba za kutunzia wazee. Bakteria walidhaniwa kujificha ndani kabisa ya mashine za kukatia, mahali ambapo usafi wa kila siku haukufika. Listeria ana sifa ya kutisha: baridi ya jokofu haimzuii kuzaana, inampunguzia mwendo tu. Mama huifungua mashine yake kipande kwa kipande, kisu akikivua kwa glavu za nyuzi za chuma, kila skrubu ikiwekwa kwenye bakuli ili isipotee, kisha anapitisha brashi nyembamba kwenye mfereji ulio nyuma ya kisu. Mfereji huo hauonekani mashine ikiwa imefungwa. Anaupigia tochi.

Kwa sababu ya listeria huyu, tarehe zina uzito. Kila kilichofunguliwa kinapata lebo, na siku ya kufungua ndiyo siku ya kwanza kati ya saba. Siku ya saba ikipita kinatupwa, hata kiwe na harufu nzuri. Kwetu, tuliokua tukinywa chai na kiporo cha wali asubuhi, kutupa chakula kunauma, na mama anakiri kwamba kunamuuma. Jibu lake ni kupika kwa hesabu. Anaijua orodha ya wakazi, nani yuko hospitalini wiki hii, nani amepoteza hamu ya kula, nani huomba mara ya pili siku ya viazi. Sufuria ikitoshana na midomo, hakuna kitu cha kupoza wala cha kutupa.

Makazi ya wazee yako Afrika Mashariki pia: Nunge kule Kigamboni, Kolandoto Shinyanga, Sebleni na Welezo Zanzibar, nyumba za mashirika ya kidini Kenya. Popote ambapo umeme ni wa kubahatisha, njia ya kupika kinachotosha na kukitoa kingali cha moto ndiyo njia pekee, na si njia duni hata kidogo. Mwaka 2001 Shirika la Afya Duniani lilitoa bango la funguo tano za chakula salama: usafi, kutenga kibichi na kilichoiva, kuivisha sawasawa, kuweka chakula kwenye joto linalofaa, na kutumia maji na vyakula salama. Hakuna ufunguo hata mmoja unaodai jokofu la gharama kama mpishi amepanga saa zake. Mama alifundishwa na nyanyake kwamba chakula kikishaiva, wageni waitwe. Anasema mafunzo ya Marekani yalimwongezea namba juu ya hilo.

Sasa nije kwenye kazi inayonistaajabisha zaidi, chakula cha kusaga. Wazee wengi waliopata kiharusi au wenye ugonjwa wa kusahau hawawezi kumeza kama zamani. Punje ya wali ikipotea njia inaingia mapafuni. Kuna mfumo wa kimataifa unaoitwa IDDSI unaopanga vyakula na vinywaji katika ngazi kuanzia 0 hadi 7, na vipimo vyake ni vya jikoni kabisa. Kwa chakula kilichosagwa cha ngazi ya 4, unachota kijiko, unakiinamisha, na chakula kinapaswa kuteleza kitoke kizima bila kunatia kijikoni. Kwa ngazi ya 5, vipande visizidi milimita 4 kwa mtu mzima, ambayo ni nafasi iliyo kati ya meno ya uma wa kawaida.

Kila kusaga ni nafasi mpya ya uchafu kuingia. Chakula kilichokwisha kuiva kinahamishwa, kinakutana na visu, mpira, mfuniko na hewa, na kinapoa kikiwa ndani ya blenda. Kwa hiyo kuku anasagwa, anarudishwa motoni hadi nyuzi 74, anapimwa, anaandikwa. Kisha blenda inafunguliwa yote, bakuli, kisu, mfuniko na ule mpira mwembamba wa chini, inaoshwa, inatakaswa, inaachwa ikauke, ndipo karoti zisagwe. Halafu viazi. Halafu keki. Mlo mmoja, kuosha mara nne. Jiko lisilo na subira husuuza kwa maji ya bomba na kuendelea, na ladha ya samaki inaingia kwenye tufaha, pamoja na kila kinachoishi kwenye ule mpira. Mama ameweka mabakuli manne ya blenda, akayapigania kwa meneja mpaka yakanunuliwa, ili moja likikauka jingine lifanye kazi.

Wala haishii hapo. Maji huzimua ladha na nguvu ya chakula, kwa hiyo anasaga kuku kwa mchuzi wa kuku na viazi kwa maziwa. Kila kitu kinasagwa peke yake na kukaa peke yake kwenye sahani, rangi yake ikionekana, karoti zikiwa zimetiwa kwenye kikombe cha umbo na kupinduliwa. Mtu asiyeweza tena kutafuna bado anaona kwamba leo ni kuku na karoti. Usafi na heshima vimekaa kwenye kijiko kimoja, na vyote viwili vimepimwa kwa uma.

Wakaguzi wa jimbo huja bila taarifa, angalau mara moja katika kila miezi 15, na mojawapo ya sehemu za kwanza wanazozipitia ni jiko. Kanuni za serikali kuu kuhusu usafi wa chakula kwenye nyumba za wazee ni miongoni mwa zinazovunjwa mara nyingi zaidi nchini Marekani, katika nyumba zinazokaribia 15,000. Siwashangai wanaoshindwa: watu ni wachache, mshahara ni mdogo, zamu ni ndefu. Lakini liko jambo moja ambalo hakuna mkaguzi anayeweza kuliona, nalo ni mfanyakazi aliyeamka anatapika. Virusi vya noro vinaenea kwa chembe chache mno, na dawa ya mikono yenye alkoholi haiviwezi vizuri. Mwenye dalili anapaswa kubaki nyumbani mpaka zipite siku mbili tangu zilipokoma. Kwa anayelipwa kwa saa bila malipo ya siku za ugonjwa, siku mbili hizo ni kodi ya nyumba au pesa ya kutuma nyumbani. Kila mmoja wao anayepiga simu saa kumi na moja alfajiri kusema "mimi leo siji, tumbo limevurugika" amelipa kutoka mfukoni mwake kwa ajili ya watu ambao hawatajua. Nadhani mwajiri anayeitaka kazi hii ifanyike sawasawa hana budi kuwalipa watu wake siku za ugonjwa, na anayekataa hapaswi kushangaa wagonjwa wanapokuja kazini.

Na liko suala la yai. Kwa miaka mingi njia salama ya kumpa mzee yai ilikuwa kulikaanga mpaka kiini kiwe kigumu kabisa, kwa kuogopa salmonela. Mtu aliyekula yai lenye kiini laini tangu utoto wake alihamia nyumba ya wazee akanyimwa. Siku hizi yapo mayai yaliyotakaswa yakiwa ndani ya maganda yao, kwa maji ya joto lililopimwa linaloua salmonela bila kuivisha yai, na mwongozo wa serikali unaruhusu hayo, na hayo tu, yapikwe kiini kikiwa laini. Ni ghali kuliko mayai ya kawaida. Mama huyaagiza, anayaweka kwenye rafu yake, mbali na ya kawaida ili hata mpishi mgeni wa zamu ya wikendi asiyachanganye, na kila asubuhi kabla ya saa moja na nusu anakaanga sita, moja moja, kwa wazee sita ambao majina yao yameandikwa kwenye kadi juu ya jiko.